Sifa za Programu Inayojali Ndugu

Wengine husifu maharage ya Kibondo. Mimi naisifu programu ya mikopo ya simu, ile ambayo kabla haijakupa shilingi elfu ishirini huomba kitu kidogo tu: isome majina yote yaliyomo kwenye simu yako.

Ina adabu, inabisha hodi. Haina maringo, haidai hati ya nyumba. Lakini sifa yake kuu ni kujali undugu. Hapa Mabamba hata msiba ukitokea tunaweza kumsahau shemeji wa Kasulu. Programu haimsahau. Marejesho yakichelewa siku moja, anaarifiwa shemeji, binamu aliye ng'ambo ya mpaka Burundi, mwalimu mkuu, mchungaji, fundi baiskeli, mama anayeuza udaga gulioni, na yule aliyehifadhiwa kwa jina la "Usipokee". Wazee wa Kiha wangehitaji vikao vingapi kukusanya ukoo wote huo? Mimi mwenyewe nimeshakuwa mdhamini wa watu ambao hata sura zao sizikumbuki, bila kutia saini, bila kupewa hata soda.

Tena haina usingizi. Alfajiri imeshaniamsha kunijulisha kwamba "mtu wako ni tapeli".

Mtu wangu nani, jamani? Sijakopa! Namba yangu imetolewa na jirani aliyebonyeza Ruhusu kwa haraka. Fedha kachukua yeye, rehani tumewekwa sisi. Sasa hata akiifuta ruhusa kwenye mipangilio, orodha iliyokwisha kunyonywa hairudi.

Jirani alikuwa na sare za mtoto za kununua, namwelewa. Wenye programu ndio wasio na udhuru. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Mwezi huohuo Google ikazikataza programu za mikopo kugusa orodha ya namba. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikapiga marufuku programu 69 zisizo na leseni. Wao wakahamia kwenye kiungo cha WhatsApp, kwa jina jipya na tamaa ileile, kwa sababu biashara yao ni aibu: wanajua mtu atauza hata mbuzi ili mchungaji asitumiwe ujumbe wa pili.

Jirani, safari nyingine bonyeza Usiruhusu. Wakikunyima, pita kwangu. Elfu ishirini sina, elfu tano ipo. Na nikidai, nitakudai wewe.