Hesabu() na Mama Mkwe

Programu ya duka la dagaa pale barabara ya Mukendo nilikabidhiwa kama yatima: bila maelezo. Aliyeiandika alishahamia Mwanza na simu hapokei.

Ndani kulikuwa na vigeu x, x2, x_mpya, x_mpya_kabisa, na kimoja kinachoitwa usiguse. Ukikifuta, mashine ya risiti inagoma. Ukikirudisha, inatoa risiti mbili mbili.

Kulikuwa pia na kigeu kiitwacho idadi. Mwanzoni mwa faili kilimaanisha magunia, katikati ndoo, mwishoni sado. Ndiyo maana kila jioni kompyuta ilikuwa na dagaa wa kulisha Musoma, Bunda mpaka Butiama, huku stoo panya wanalala njaa. Lakini usiwacheke watu wa Mukendo peke yao. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo chao, Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kama za metriki.

Kiboko, hata hivyo, ni fanksheni ya hesabu(). Nani aogope hesabu? Nikaiita asubuhi nione jumla ya madeni. Ikajumlisha vizuri, kisha, bila kutumwa na mtu, ikamwandikia SMS kila mdaiwa: lipa ndani ya saa 24 au jina lako litabandikwa dukani. Mmojawapo ni mama mkwe wa mwenye duka, kule Butiama, aliyekopa ndoo mbili za dagaa wa msiba.

Bosi akapiga simu. "Kijana, umemtumia nini mkwe wangu?"

"Mzee, mimi nimeita hesabu tu."

"Basi aliyeiandika angeiita fedhehesha!"

Mzee hajawahi kuandika programu, lakini hapo alisema kweli tupu. Na huku Mara jina hutolewa kwa sababu. Chifu Burito wa Wazanaki alizaliwa msimu wa viwavi, akaitwa Nyerere. Mwanawe alizaliwa mwaka 1922 mvua ikinyesha, akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Hakuna aliyeitwa mtoto_mpya_kabisa. Lugha ya programu ya Fortran ya miaka ya 1950 ilibana majina kwenye herufi sita, walioitumia tuwasamehe. Leo herufi hazilipiwi.

Nimeivunja hesabu() vipande viwili: jumlisha_madeni() na tuma_sms_kwa_wadaiwa(). Hiyo ya pili haiitwi mpaka bosi awepo. Deni la ndoo mbili limefutwa.