Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Usingizi wa Dar es Salaam

Waheshimiwa wakurugenzi wa halmashauri tano za Dar es Salaam, pokeeni pongezi kwa kugundua kwamba muziki hubadilika jina kila unapovuka barabara. Ukipigwa Masaki ni burudani ya kuvutia watalii. Spika zilezile zikihamia Manzese ni kelele, na mwenye shughuli anatafutiwa mgambo. Kanuni za mazingira za mwaka 2015 zinasema kelele hupimwa kwa desibeli. Kumbe mwenzangu na mimi tumezisoma vibaya, hupimwa kwa kodi ya pango.

Jiji hili halikuwa hivi, wala hamhitaji semina ya Ulaya kulijua hilo. Shirika la Jiji lenyewe, DDC, lilikuwa na kumbi za starehe Kariakoo na Magomeni Kondoa, na herufi hizo tatu zikakaa mbele ya jina la bendi ya Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Chama cha wafanyakazi nacho kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, tena mwenye mshahara! Vijana wa Tandale na Mburahati hawakurithi ukumbi; walirithi uchochoro, turubai na spika za kukodi, na humo wakaukuza muziki wa singeli. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na matamasha ya Ulaya yakaanza kuwaita.

Mtasema kuna wagonjwa, vichanga na watoto wenye mtihani asubuhi. Ni kweli, na hapo sina utani: kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya kukesha ambako singeli hupigwa, hakimwachi mtu alale. Lakini kigodoro kiko barabarani kwa sababu hakina pa kuingia. Ukuta huzuia sauti. Marufuku huihamishia mtaa wa pili. Mtasema pia kinaleta uhuni. Basi ukumbi una mlango, taa, choo na mtu wa kuulizwa kesho yake, vitu ambavyo uchochoro hauna. Na fedha? Ada za leseni za vileo mnazikusanya hadi Tandika, wala sijasikia zikikataliwa kwa sababu ya kelele.

Kwa hiyo tunaomba kumbi zenye kuta uswahilini. Zikichelewa, na bajeti ikitosha kipima sauti kimoja tu, kianzie Masaki, Ijumaa, saa saba usiku.

Wenu katika kukesha,
Mlipa ada