Paa Linavuja, Upepo Unatoroka

Gari-nyumba letu ni la mwaka 1998. Injini ya dizeli iko nyuma, usukani mbele, na katikati wamepanga jiko, choo, bafu na kitanda cha watu wawili. Hapa Marekani magari haya ni ya zamani. Kiwanda cha Winnebago cha Forest City, Iowa, kilianza kuyatoa mwaka 1966, na wastaafu wengi huyapenda. Letu si la kiwanda hicho. Baba watoto alilinunua kwa mzee mmoja wa hapa Houston, aliyetukabidhi ufunguo huku akicheka. Baba watoto akasema mzee ni mchangamfu. Mimi nilinyamaza, ndoa ina mambo yake.

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Tanga, tulimpeleka matembezi na gari hilo, na kitanda cha nyuma akapewa yeye kwa heshima ya mgeni. Usiku mvua ya Ghuba ya Meksiko ikashuka. Mara nikasikia sauti yake gizani: "Mwanangu, huku kwenu mvua inanyesha hadi ndani?"

Tukakinga beseni. Asubuhi baba watoto akapanda ngazi kukagua paa.

Paa la gari hili usidhani ni la bati. Ni shuka ya mpira iliyogandishwa juu ya mbao nyembamba, na mpira ukizeeka hutoa vumbi jeupe linaloganda kwenye nguo na halitoki kwa kufua mara moja. Halafu lina matundu! Tundu la bomba la choo, la antena, la dirisha la juu ya bafu, matundu ya kutolea hewa, na viyoyozi viwili ambavyo kila kimoja kimekatiwa shimo la mraba la inchi 14. Mtu anatengeneza paa zima, kisha anachukua msumeno na kulitoboa toboa. Hapo unategemea nini?

Mzee yule mchangamfu alikuwa amepaka silikoni kila penye tundu, na juu ya silikoni akaongeza silikoni. Sasa silikoni kwenye paa la mpira ni hasara tupu. Haishiki sawasawa, na ukishaipaka hakuna gundi nyingine itakayokubali kushika juu yake, hata silikoni mwenzake. Ni ya kubanduliwa yote kwa kisu cha plastiki, taratibu, na usithubutu kusafishia petroli wala mafuta ya taa, kwani mpira huvimba. Baba watoto alilala kifudifudi juu ya paa wikendi nzima, akibandua na kupaka dawa yenyewe, ile inayojisambaza na kujaza nyufa. Jirani alisimama uani kwake akimtazama, hatimaye akaja kuniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Tukamwagia maji kwa mpira wa bustani. Halikuingia tone. Tukapongezana. Mvua iliyofuata ikadondokea mto wa mama mkwe, palepale.

Cha ajabu, haikuwa kila mvua. Safari nyingine tukinyeshewa tukiwa barabarani, ndani kukavu kabisa. Tukiegesha tukalala, maji. Mama mkwe akatoa hukumu kwamba gari limemwekea kinyongo.

Wakati huohuo tulikuwa na ugomvi mwingine, wa upepo. Gari hili lina breki za upepo na limekalia mifuko ya upepo, kama mabasi makubwa. Kila asubuhi tulilikuta limepiga goti nyuma kushoto, mithili ya ngamia aliyegoma. Ukiwasha injini, king'ora kinalia hadi mshale uvuke 60 kwenye saa ya upepo, na unangoja ukaribie 120 ndipo uguse ule mpini wa manjano wa breki ya kuegesha. Breki hiyo hushikwa na springi. Upepo ndio unaoiachia. Hakuna upepo, hakuna safari, na mtaa mzima umeshaamka.

Ikabidi tumpigie kaka yangu, fundi wa mabasi ya mikoani kule Dar es Salaam.

"Shemeji," akamwambia baba watoto, "upepo ni uleule, liwe basi la Mbeya au hilo jumba lenu. Koroga sabuni ya unga, paka kila kiungo. Penye povu ndipo penyewe. Lakini usiingie chini kabla hujaweka stendi za chuma. Upepo ukiisha gari linashuka, halikuulizi kama umo."

Stendi zikawekwa. Mama mkwe akashika beseni, lile lile la mvua. Nyuma kushoto, kwenye kibomba cha plastiki kinachoingia kwenye vali ya kupimia kimo, povu likaanza kuchemka taratibu. Kibomba kilikuwa kimekakamaa kwa uzee na kupasuka ufa usiozidi ukucha.

"Vizuri," akasema kaka kwenye simu. "Na hayo maji mliyoniambia, yanadondokea upande gani?"

"Nyuma kushoto."

"Na gari likilala linainamia upande gani?"

Kimya. Hata mama mkwe alielewa kabla ya mwanawe.

Gari likiwa na upepo wake, paa limenyooka na maji yanateleza pembeni. Upepo ukitoroka usiku, kona inainama, maji yanakusanyika nyuma ya kiyoyozi na kupenya chini ya ile sponji inayoziba shimo lake. Sponji ikiwa mpya ina unene wa zaidi ya inchi moja, na ukikaza zile bolti nne kwa ndani inabaki kama nusu. Yetu ilikuwa imebanwa ikawa bapa kama karatasi. Tulipomwagia maji mchana, injini ilikuwa imetoka kuzimwa, gari limesimama wima kwa adabu zote.

Kibomba na sponji vimebadilishwa. Paa halivuji, upepo unakaa. Kilichobaki ni kwamba tukiegesha kwenye kambi yenye umeme wa ampea 30, viyoyozi viwili na birika la chai haviendi pamoja. Mama mkwe huchagua chai.

Kama kuna msomaji anayelitaka, lipo uani na bei inazungumzika. Ila anione mimi. Baba watoto asihusishwe.