Mia Tano za Mama

Mama alikuwa anatoa mahamri kwenye karai simu ilipolia. Mkusanya madeni, sauti ya adabu, akamwambia mwanawe anadaiwa na benki deni la kadi. "Zote sizitaki leo, mama. Tuma hata mia tano, tuione nia yenu." Mama akisikia neno deni hatulii. Akapangusa unga mikononi, akabonyeza hadi penye namba ya siri, na hapo dada akamnyang'anya simu. Nyumba ikawaka moto.

Deni ni la kaka. Alikuwa na kazi ya hoteli Shela, Lamu, na mshahara wa mwezi, ndipo akapewa kadi. Likaja shambulio la kigaidi la Mpeketoni, Juni 2014, kafyu ikafuata, wageni wakatoweka, kazi ikaisha. Malipo ya mwisho aliyafanya mwaka huohuo, zikabaki elfu sitini. Simu hii ilipigwa 2022.

Dada ni karani wa wakili Mombasa, alikuja nyumbani kwa Maulidi. Alimkalisha mama akamweleza. Sheria ya Kenya ya ukomo wa kushtaki, Sura ya 22, humpa mdai wa mkataba miaka 6 kwenda mahakamani. Kama hukumu ilishatolewa, ana miaka 12 ya kuitekeleza. Lakini mdaiwa akilipa chochote, au akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi, miaka huanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Wakili au mjumbe wake akilipa, ni hivyohivyo. Na nani mahakamani angeamini kwamba mama hakutumwa na mwanawe? Yule wa simu alikuwa anawinda tarehe mpya.

"Basi deni limekufa!" kaka akashangilia.

"Limekufa kwa nani?" mama akamuuliza. "Ukifa wewe leo, warithi watagawana nini kabla halijalipwa?"

Nilikuwa upande wa mama, na nipo hadi sasa. Kilichonikera ni ile hila ya kumtumia mama mzazi, kwa imani yake, kufungua mlango ambao sheria imeufunga. Dada akaongeza kwamba ukishtakiwa huwezi kunyamaza ukidhani hakimu atahesabu miaka kwa niaba yako. Ni lazima uutaje ukomo kwenye utetezi wako.

Tena kiasi alichotaja yule wa simu kilipita laki tatu. Sheria ya benki, kifungu cha 44A, hairuhusu riba ya mkopo uliokwama kupita mtaji uliobaki siku ulipokwama. Kwa elfu sitini, deni na riba havipiti laki moja na ishirini, ukiacha gharama za kudai.

Dada alihakikisha kwanza kwamba hakuna kesi wala hukumu. Kisha wakili akaiandikia benki, bila kukiri chochote: elfu sitini kwa mkupuo mmoja, baada ya barua kwamba wamemalizana na jina la kaka litarekebishwa CRB, kwenye rekodi za wakopaji. Kaka alinung'unika, kwa kuwa pesa zilikuwa za mashine ya boti. Mama akamwambia achague, mashine au radhi. Barua ilipofika, akaisoma mwenyewe mstari kwa mstari, ndipo akamruhusu kaka atume.