Maua Dume na Mama Mkwe

Kamina ni njia panda ya reli. Mstari unatoka kusini, Lubumbashi, unaendelea hadi Ilebo ulikofika mwaka 1928, na tangu 1956 lipo tawi linalokata kwenda Kabalo na Kalemie. Lubumbashi inatuletea unga wa ngano na hamira. Kalemie inatuletea ndakala, dagaa wa Tanganyika. Mstari wa Ilebo, unaopita Kaniama, ulituletea mama mkwe wangu. Jibini bichi halitoki upande wowote.

Na usiniambie ng'ombe wapo. Najua kwamba tangu ukoloni pande hizi za Haut-Lomami zina mashamba makubwa ya mifugo, Pastorale du Haut-Lomami ikiwa mojawapo. Lakini wale walikuwa ng'ombe wa nyama, wa kulisha watu wa migodi ya Katanga, na hakuna aliyewahi kuwaomba mozzarella.

Hayo yote mke wangu hayakumhusu. Aliona kwenye simu picha ya pizza yenye jibini bichi na maua, akatangaza kwamba siku yake ya kuzaliwa atakula hiyo, kisha akaenda zake kazini.

Nilianza na jibini. Nilinunua maziwa ya unga yenye mafuta yake yote, nikayakoroga, nikayapasha moto mpaka yakaribie kufurika, nikayaepua na kuyakamulia ndimu. Muda si muda mabonge meupe yakajitenga na maji. Hapo kinatakiwa kitambaa safi, chepesi, cha kuchujia, na mikono yangu ilikuwa imejaa sufuria. Nikamtuma mtoto wetu wa miaka sita. Akaleta kitambaa safi kweli, chepesi kweli, chenye harufu ya sabuni. Kilichuja vizuri mno. Pembeni kilikuwa na urembo wa samawati, nikaona hata hilo linafaa kwa sherehe.

Maua yalikuwa kazi ya asubuhi, kwa sababu ua la boga hufunguka alfajiri, na jua likipanda limeshajikunja. Mtoto alikuwa amenitangulia na kifurushi chake cha maua ya pinki aliyoyachuma kwenye ua wa jirani. Yalikuwa laurier-rose, mti wenye sumu toka jani hadi mzizi. Nikamnawisha mikono mpaka akalia, tukarudi kwenye maboga, ambayo watu wetu wamekula majani na maua yake tangu zamani bila kuuliza mtu.

Sasa ni lazima nieleze jambo. Kwetu mwanamume hamkodolei macho mama mkwe, hali naye sahani moja, na maneno kati yao hupitia kwa mtu wa tatu. Mama mkwe, Nkambo kwa mtoto wetu, alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta wa jikoni, nisimwone asinione, kama inavyostahili. Mtu wa tatu tuliyekuwa naye ni yule yule wa laurier-rose.

"Baba, Nkambo anauliza, juu ya nini unakata maboga?"

"Mwambie sikati maboga. Nakata maua dume tu."

"Nkambo! Baba anakata dume!"

Kimya. Halafu: "Nkambo anauliza, dume gani?"

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Somo hili nalifundisha kila mwaka mbele ya vijana sitini bila hata kukohoa. Ua jike la boga lina kiboga kidogo chini yake, tayari kinasubiri. Ua dume limesimama peke yake juu ya kikonyo kirefu chembamba, na katikati yake mna kitu ambacho ubaoni nakichora kwa chaki ya njano na kukitaja kwa Kifaransa. Lakini kukituma kwa mama mkwe, kupitia mdomo wa mtoto, kwa Kiswahili, sauti ya juu, jirani wakisikia? Nilitafuta neno la adabu.

"Mwambie ni yale yasiyo na tumbo."

"Nkambo! Baba anasema yale hayana mimba!"

Nyuki alitoka ndani ya ua nililoshika. Sikumlaumu, hata mimi ningeondoka. Jibu lilikawia kidogo.

"Nkambo anasema ile anaijua tangu weye hujazaliwa. Anasema ubakishe dume mbili, ao majike yatangoja bure."

Nikabakisha mawili. Biolojia yake haikuwa na dosari.

Donge la unga nililisukuma kwa chupa tupu ya bia. Nilitaka duara, likatoka ramani ya mkoa, mpaka wa Tanganyika ukiwa umening'inia nje ya meza. Tanuri nalo halikuwa tatizo dogo. Mafundi wa pizza wa Napoli, ambao ufundi wao uliingizwa na Unesco mwaka 2017 kwenye orodha ya urithi usioshikika, huoka kwa dakika moja na kitu, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 400. Mimi nilikuwa na sufuria kubwa yenye mchanga ndani, mbabula ya makaa chini yake, na makaa mengine juu ya kifuniko. Keki nyingi za ubatizo mtaani kwetu hupita humo umeme usipokuwepo, na hakuna mtoto aliyekataa ubatizo kwa sababu hiyo.

Msimu wa maua ya boga ndio msimu wa mvua. Hilo halimo kwenye ile picha ya simu. Wingu lilipasuka pizza ikiwa imeanza tu kunukia, na mbabula ilikuwa uani. Nilikimbia kushika mkono mmoja wa mbabula. Mkono wa pili ulikuwa umeshashikwa. Nikatazama kando upesi. Naye, nadhani, alitazama kando upesi. Tukaibeba hadi chini ya baraza, mimi nikiangalia njia ya reli, yeye akiangalia choo, makaa yakifoka katikati yetu, wala hakuna aliyesema neno.

Nikaenda kutafuta makaa makavu. Niliporudi, kifuniko kilikuwa kimekaa upande mwingine na mtoto alikuwa anatafuna kitu.

Mke wangu alifika jioni, akafunua mwenyewe. Maua yalikuwa yamesinyaa lakini rangi ipo. Jibini lilikuwa limekaa kitako, jeupe, kavu, kama lilivyowekwa: jibini la ndimu haliyeyuki, tofauti na lile linalogandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, ambalo likiona moto hunyumbuka. Na juu ya yote, kichwa kwa mkia, walikuwa wamelala ndakala.

"Nani ametia ndakala kwenye pizza yangu?"

Hakuna aliyejibu upande wowote wa ukuta. Mke wangu alishika simu apate ushahidi wa kutushtaki. Akasoma, akanyamaza, akasoma tena. Roma, pizza ya maua ya boga huwekwa mozzarella na samaki wadogo wa chumvi. Ni jambo la kawaida kabisa huko.

"Basi mama amepatia," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Pizza haikuumbwa kwa watu wenye wakwe. Inakatwa kwenye sahani moja, kila mkono unaingia. Kipande cha mama mkwe, kikubwa kuliko vyote, kilisafiri kwa mtoto hadi nyuma ya ukuta, na sisi tukabaki tunasikiliza kutafuna. Sahani ilirudi tupu.

"Nkambo anasema iko muzuri, lakini bukari itakuja saa ngapi?"

Mke wangu akainuka kuteleka maji ya ugali. Mtoto hakuondoka.

"Na anauliza kitambaa chake cha kichwa, chenye maua ya bulu. Cha kwenda nacho kanisani. Anauliza utamurudishia, ao nacho tutakikula?"