Ufunguo Uliozama Kibondo

Gari la Baba ni fupi kuliko Toyota IST. Hapa Kasulu nikisema hivyo watu hubisha, kwa sababu Land Rover ikisimama kando ya IST huonekana kubwa mno, lakini chukua futi ukapime. Land Rover Series III ya chesisi fupi, ile yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ina urefu wa mita 3.6 hivi kutoka bampa hadi bampa. IST ina mita 3.8 na ushee. Baba alilinunua kwenye mnada wa misheni nikiwa bado shule ya msingi, likiwa limepakwa rangi ya kijivu kwa brashi ya kupakia milango, na tangu siku ile nyumba yetu ina pande mbili: wanaolipenda, na Mama.

Mama ana haki yake. Yeye ndiye aliyesafiri nalo Kasulu hadi Kibondo zamani zile, kupitia Makere na Mvugwe, barabara ikiwa ya vumbi jekundu kiangazi na utelezi mtupu kuanzia Novemba hadi Aprili. Kiangazi vumbi liliingia kwenye kila kiungo cha bodi, akawa anafika kwa ndugu zake nyusi zimebadilika rangi. Masika maji yalipenya kwenye vile vifuniko vya hewa chini ya kioo cha mbele yakamdondokea magotini. Nyuma kuna mabenchi mawili yanayotazamana, abiria wanagongana magoti kila shimo. "Baba yenu ana wake wawili," alizoea kutuambia, "na mwenzangu anakunywa petroli." Baba hakujibu. Alikuwa chini ya gari.

Kwa hiyo kaka yetu mkubwa alipokuja likizo ya Desemba kutoka Dar es Salaam na gari jipya machoni pake, jeupe, la kuwasha kwa kitufe, Mama alilizunguka taratibu akilipapasa kama mgeni aliyesubiriwa miaka. Jina la gari nitaliacha, maana yaliyotokea hayakuwa makosa ya waliolitengeneza. Lilikuwa gari zuri kweli: viti vya ngozi ya rangi ya maziwa, kiyoyozi, mifuko ya hewa ya kumkinga abiria ajali ikitokea, breki zisizojifunga ghafla kwenye utelezi. Land Rover ya Baba haina hata kimoja cha hivyo. Mdogo wetu wa kike alikuwa anaolewa Kibondo wiki ile, na Mama akatamka neno la mwisho: bibi harusi anakwenda na gari la kaka yake, na lile la kijivu linabaki nyumbani. Baba akasema, "Sawa, mama watoto," akaenda kukagua oili kama kawaida yake ya kila jioni.

Safari yenyewe ilikuwa raha. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260.6 zilizogharamiwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imebadilisha maisha ya huku kuliko kitu chochote ninachokikumbuka. Mahali ambapo zamani tulishuka kusukuma, Mama alilala usingizi. Balaa la kwanza lilitokea kwenye tuta karibu na Mvugwe. Dumu la mawese tuliloambiwa tusithubutu kwenda ukweni bila lenyewe lilipinduka nyuma, kizibo kikafyatuka, na mawese ya Kigoma yakamiminika juu ya ngozi ile ya rangi ya maziwa. Aliyewahi kudondoshea mawese kitambaa cheupe anajua. Tulifuta kwa kanga, tukafuta kwa sabuni ya kipande, tukamwaga majivu. Doa likaenea likawa rangi ya machungwa hadi chini ya zulia. Kwenye Land Rover dumu hilohilo limepinduka mara nyingi. Unafungua mlango wa nyuma, unamwaga ndoo mbili za maji, bati linang'aa, mnaendelea na safari.

Balaa la pili lilikuja jioni, tukiwa tumeshapokelewa na wakwe zetu. Kaka aliegesha gari langoni, kwenye uwazi wa ua, apakue mizigo asubuhi. Akampa mwanawe wa miaka minne ule ufunguo wa rimoti auchezee ili anyamaze. Mtoto akaenda nao chooni. Choo cha shimo, kirefu, kilichochimbwa na watu wasiofanya kazi nusunusu. Tulisikia kilio chake kabla hajatokeza mlangoni, na alipofunua viganja vitupu, kaka akakaa chini hapohapo kwenye nyasi.

Fikiria hali ilivyokuwa. Magari mengi ya mtumba huja na ufunguo mmoja, na hili lilikuwa hivyo. Limejifunga. Gia iko kwenye P, breki ya mkono ni ya umeme, kwa hiyo halisukumiki. Limeziba lango, na lori la viti na maturubai linatarajiwa alfajiri. Ndani yake, likining'inia nyuma ya kiti cha dereva ndani ya mfuko wake, ni gauni la harusi. Fundi wa Kibondo aliitwa na tochi yake. Alikuwa kijana mwaminifu, hakutaka kutudanganya: ufunguo una chipu inayozungumza na kompyuta ya gari, na mtu wa kuandika ufunguo mpya alimjua yuko Mwanza. Shemeji mmoja akaleta sumaku ya spika na kamba. Hatukumzuia, ila aliambulia kamba yenye harufu.

Mama ndiye aliyempigia Baba. Nilikuwa karibu yake, sikumsikia akieleza sana. Alisema, "Baba watoto, njoo nalo."

Nilishangaa jinsi alivyolisema neno hilo bila kusita, na usiku ule nikiwa macho nililifikiria gari la kijivu kwa namna nyingine. Land Rover ilizaliwa kwenye shida. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alichora umbo lake mchangani kwenye ufukwe wa Anglesey, Wales. Tarehe 30 Aprili 1948 likaoneshwa Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao, lakini aluminiamu ilikuwepo kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Ndiyo maana bodi ikawa ya aluminiamu, na paneli zikafanywa bapa ili zikunjike bila mitambo mikubwa. Mwaka huohuo London ilioneshwa Morris Minor ya Alec Issigonis, na mwaka 1959 bwana huyohuyo akatoa Mini, yenye urefu wa mita 3.05 tu, injini ikiwa imelazwa kwa upana ili nafasi ibaki kwa watu. Yalikuwa magari ya taifa lililoishiwa. Ndiyo maana yalikaa vizuri mikononi mwa watu walioishiwa. Hapa kwetu miaka ya uhaba iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, dukani hakuna sabuni sembuse spea, gari lililoendelea kutembea ni lile ambalo fundi angeweza kulifungua kwa spana chache, akachonga kilichovunjika, akalifunga. Wakati huo Land Rover zilikuwa za misheni, za hospitali, za serikali. Baadaye, wakimbizi wa Burundi na Kongo walipovuka kwa maelfu na kambi za Nyarugusu na Nduta zikafunguliwa, zikaja Land Cruiser nyeupe za mashirika, na zile za kijivu zikaanza kwenda mnadani. Moja ikaja kwetu.

Baba alifika kabla ya jogoo. Alikuwa ameendesha usiku kucha kwenye mvua, sweta la shingo ndefu, kofia ya sufu, kitako juu ya mto wa Mama aliouchukua kitandani bila ruhusa. Nikasema, "Shikamoo Baba." Akasema, "Marahaba mama, lete chai, na mniletee migomba." Watu walidhani hajalala vizuri. Alitaka vigogo vya migomba, na kwa wakwe zetu migomba ipo nyuma ya nyumba. Vilikatwa, vikapasuliwa kwa urefu, vikalazwa upande wa ute juu mbele ya magurudumu ya gari la kaka. Kisha akafunga mnyororo kwenye ndoano ya kuvutia, akarudi kwenye Land Rover, akavuta nyuma ile gia ndogo yenye kirungu chekundu.

Mimi niliyekulia nalo najua maana ya kirungu chekundu. Cha njano unakigandamiza, magurudumu ya mbele yanaungana na ya nyuma. Chekundu unakivuta gari likiwa limesimama, na kuanzia hapo injini ya lita 2.25 inakwenda polepole kuliko mtu anayetembea, na inavuta bila kupaza sauti. Gari jeupe lilikuwa limekaza breki zote. Halikubingirika; lilitambaa juu ya ute wa migomba na tope jekundu, shubiri kwa shubiri, Baba akichungulia kwa nyuma kupitia dirisha la kusukuma, hadi lango likawa wazi. Wazee wa Kibondo waliokuwa wamesimama na miamvuli walipiga makofi.

Gauni lilibaki. Kaka alikuwa bado anatafuta namba za simu za Mwanza. Mama akachukua jiwe, akafunga kanga juu ya kioo kidogo cha pembeni nyuma, akapiga mara moja. Ving'ora vya gari vikalia, mbwa wote wa mtaa wakajibu, na Mama akatoa gauni kupitia tundu lile huku kelele zikiendelea, akalikabidhi kwa bibi harusi likiwa safi, maana mfuko ulikuwa umelikinga na mawese. Ving'ora vililia mpaka saa tatu asubuhi.

Mdogo wetu alikwenda kanisani kwa Land Rover. Walitandika blanketi jipya juu ya benchi, wakafunga maua ya kengele za manjano kwenye tairi la akiba lililolala juu ya boneti. Njiani injini ilianza kukohoa. Baba alisimamisha, akafungua boneti, akaniita. Nikasafisha platini kwa msasa, nikapima nafasi yake kwa kipande cha pakiti ya sigara, kama alivyonifundisha nikiwa darasa la sita. Bibi harusi hakupata hata nafasi ya kutoa jasho. Gari la kaka lilikaa Kibondo wiki kadhaa kabla mtaalamu na kompyuta yake hajafika, na gharama yake kaka hakuitaja mbele ya Mama.

Sitasema magari mapya ni mabaya. Mgongo wa Mama ni ushahidi unaonitosha, na mtoto wangu nikimpeleka hospitali usiku kwenye lami, nitamweka kwenye lenye mifuko ya hewa. Linalonisumbua ni kwamba warithi wa magari yale wamerithi sura. Land Rover ya zamani, ambayo tangu 1990 iliitwa Defender, ilikoma kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya zaidi ya magari milioni 2. Mrithi wake alioneshwa mwaka 2019, anatengenezwa Nitra, Slovakia, na hana tena chesisi ya ngazi ambayo fundi wa Kasulu angeweza kuichomea. Mini nayo tangu 2001 inatengenezwa na BMW, imekua pande zote. Wenye fedha wameliona pengo hilo. Jim Ratcliffe, tajiri wa kemikali wa Uingereza, aliamua kutengeneza gari lake mwenyewe, Grenadier, lenye umbo na moyo wa Defender ya zamani, na akalipa jina la baa ya London walikokaa kulijadili. Sisi hatuna haja ya kiwanda. Yale yenyewe bado tunayo: yanapandisha abiria Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, na Oktoba 2024 yalijaa Arusha kwa mamia kwenye tamasha lao.

Lakini huku kwetu yanapotea, na sababu ni ileile aluminiamu ya mwaka 1948. Wanunuzi wa skrepa wanapita Kasulu, Kibondo na Kakonko na mizani, wanakata bodi, wanapima kwa kilo, na bati linakwenda kuyeyushwa liwe sufuria. Chesisi inabaki kuoza kwenye nyasi. Baba amekwisha kuokoa milango miwili na gia boksi kwa njia hiyo, akilipa bei ya skrepa na nyongeza kidogo. Kwa hiyo nawaomba wenye Land Rover nyuma ya nyumba, na wanaosimamia yadi za misheni na hospitali: kabla ya kuita mwenye mizani, mumwite fundi mzee aliyebaki mtaani kwenu, na mumpe kijana mmoja au wawili wa kumshikia spana.