Mkwaju Mmoja na Ndafu ya Watu

Ukitaka kujua siri za ukoo, usihangaike kuuliza wazee. Nunua flashi, mpelekee kijana wa steshenari akutilie picha za harusi.

Mpwa wangu ana kibanda cha kazi hiyo hapa Mkuza, Kibaha: fotokopi, picha za pasipoti, kadi za michango, na wikiendi hushika kamera. Kompyuta yake ni mzee wa siku nyingi, kwa hiyo fundi mmoja alimwekea Linux. Tangu hapo kijana amelipenda lile dirisha jeusi la kuandikia amri kuliko chakula. "Mjomba," huniambia, "kipanya ni cha watoto."

Mama wa bibi harusi alipoleta flashi, folda ya harusi ya bintiye ilikuwa na folda ndogo za Kanisani, Sendofu na Ukumbini, na kandokando mafaili yaliyozagaa, mojawapo orodha ya wadaiwa wa kibanda. Kijana akataka folda tu. Akaandika amri ya kunakili, cp -r, akaweka nyota, akaifunga kwa mkwaju: */. Nyota peke yake ingezoa kila jina, isipokuwa yanayoanza na nukta, ambayo Unix huyachukulia kama hayapo. Ukiiongezea mkwaju, umesema: nipe folda tu.

Lakini ndani ya ile folda ya harusi kijana alikuwa ameweka pia kiungo alichokiita Mfano, kinachoelekeza kwenye kazi zake zote za msimu ule, awaonyeshe wateja. Kiungo si folda. Ni kama kile kibao cha "Tumehamia nyumba ya pili" kwenye mlango wa duka lililofungwa: anwani kinayo, bidhaa hakina. Sasa mkwaju hauishii kwenye kibao. Unafuata maelekezo hadi nyumba ya pili, unakuta folda, unarudi na jibu: ndiyo, ni folda. Tena jina hutoka na mkwaju wake mkiani, na cp akiuona huingia ndani moja kwa moja. Usingekuwepo, cp -r angejaribu kunakili kibao chenyewe, na kwa kuwa flashi nyingi zina mfumo wa FAT usiojua viungo, angenung'unika tu na kuendelea. Siku ile alibeba duka zima.

Nyota hii ina umri wa kuheshimiwa. Unix ya 1971, kule Bell Labs, ilikuwa na programu ndogo iitwayo glob, kazi yake kugeuza nyota kuwa orodha ya majina. Viungo vya namna hii vililetwa na 4.2BSD mwaka 1983, vikakuta wenyeji na taratibu zao. Hata zile nyota mbili (**) za bash, programu inayopokea amri hizo, zilizokuja na toleo la 4.0 mwaka 2009, zilipekua hadi ndani ya viungo vya watu, mpaka toleo la 4.3 la 2014 likazikataza. Mkwaju wa mwisho haukuguswa na mtu.

Jambo jingine: nyota hupanga majina kwa alfabeti. Kanisani ikatangulia, Mfano ikafuata, flashi ikajaa. Sendofu na Ukumbini hazikupata hata pa kukanyaga. Kompyuta ililalamika kwa maandishi, ila kijana alikuwa nje akimkatia mtu picha za pasipoti.

Jioni flashi ikachomekwa kwenye televisheni, ukoo umejaa sebuleni, pilau mikononi. Maharusi wakavishana pete. Picha iliyofuata: shemeji wa mama huyo, yule aliyetuma salamu kwamba yuko hoi Kisarawe siku ya kikao cha mwisho cha michango, amesimama kwenye harusi ya watu wengine, kisu mkononi, akikata ndafu. Tarehe iko pembeni ya picha.

Kesho yake alfajiri tulimwona mama akija kibandani.

"Shikamoo, mama," alisema mpwa wangu, nusu yake ikiwa imeshajificha nyuma ya printa.

"Marahaba, mwanangu."

Kijana akaeleza yote: nyota, kiungo, mkwaju. Akaahidi kumtilia Sendofu na Ukumbini bure, hapo hapo.

"Hizo nitazifuata siku nyingine," mama alisema. "Hiyo Mfano, niliyopewa ndiyo yote?"

"Hapana, mama. Flashi ilijaa."

Mama akafungua pindo la kanga, akatoa flashi nyingine, kubwa zaidi.

"Na huo mkwaju wako," akasema, "usije ukausahau."